Kabla Hawajakuuliza Wewe wa Nani

Rukia,

Miezi miwili. Miezi miwili na Idi ndani yake, na hukutia mguu mlangoni pangu. Chuo chako cha ualimu kiko Ng'ambo, hakiko Bara. Mtu akitoka huko na mkungu wa ndizi kichwani hufika kwangu kabla shingo haijamchoka. Weye huna hata mkungu.

Leo ndiyo unaleta mjumbe. Msichana wa watu kasimama ngazini anahema: "Bi Mkubwa, Rukia kasema kesho asubuhi anapanda gari la Makunduchi pale Darajani, sanduku lake apelekewe huko huko." Nikamwuliza, "Na miguu yake ina nini?" Akacheka, akadhani natania.

Salamu sikupi. Shikamoo yako sijaipata tangu ulipotoka hapa kwa hasira, na marahaba mie siitoi kabla.

Nakuandikia kwa harufi za chuoni, za Kurani, maana ndizo nnazozijua. Skuli sikukanyaga. Nimeanza baada ya kusali alasiri, na mwandiko wangu si mzuri, kwa hiyo utasoma polepole. Ya chandarua na ya maji ya kuchemsha sikwambii. Mama yako mdogo Zuhura keshakufungia kila kitu, na karatasi nzima ya "usisahau" kaitia juu ya nguo. Mie nina jambo moja tu, na nataka uwe nalo kabla gari halijafika. Maana unakwenda kufundisha historia mahali ambapo bibi yako amekuwa akiwadanganya watu kwamba ndiko kwao.

Naam. Umesoma sawa.

Zaidi ya miaka arubaini watu wakiniuliza, "Bi Mwanaisha, kwenu wapi?" nawajibu, "Makunduchi." Sijafika Makunduchi hata siku moja. Njia yake siijui. Nilikuwa nikienda Darajani kwa yule mama muuza majimbi, mtu wa huko kweli, nasimama kando namsikiliza anavyoamkiana na wenzake, narudi nyumbani nikijizoeza peke yangu jikoni. Siku moja kwenye harusi mwanamke mmoja akaniamkia kikwao, nikamwitikia vizuri sana. Kosa langu. Akafurahi, akamimina maneno kama anayemwaga mchele, mie neno moja sielewi. "Naam," nikasema. "Naam, naam." Akanitazama, ananingojea. Kumbe lilikuwa swali. Nikajitia kikohozi mpaka nikatolewa nje na kupewa maji.

Cheka. Mie mwenyewe nacheka hapa. Lakini wewe wale watu hutawakoholea. Shamba si kama mjini. Mgeni hamalizi siku mbili hajaulizwa: wewe wa nani? Ukoo gani? Babu yako kazikwa wapi? Na habari kwamba bibi yako ni mtu wa huko zimeshaenea ukweni kwa Zuhura, na kule wana jamaa. Ukiusema uongo wangu watakukamata kabla ya chakula cha mchana. Ukikaa kimya, kesho yake utasimamaje na chaki yako mbele ya watoto, uwasomeshe habari za watu walionyamazishwa?

Basi chukua kweli yake. Nilikwambia mara moja, una miaka kumi na miwili, kisha nikaikana mbele yako. Leo naiandika ili nisiweze kuikana tena. Mwandiko wangu huu mbaya hakuna mwingine anao.

Mama yangu alikuwa mjakazi. Jina lake Faida, jina alilopewa na waliomnunua, na unaweza kujua alikuwa faida ya nani. Kwao alikotoka Bara alikuwa na jina jingine na alilisahau, alikuwa mdogo mno. Alikuwa mtumwa wa nyumba hii hii tunayokaa. Hapo chini ya ngazi tunapoweka mitungi, ndipo alipokuwa akilala. Mchana, bibi yake, ndiye mwenye kummiliki, akiwa hana kazi naye, alikodishwa kwa wajenzi. Yeye na wenzake walibeba mawe na chokaa kichwani wakipanga mstari, wakiimba, mpaka nywele za utosini zikawa haziwezi kuota. Nimekiona kile kipara kwa macho yangu, nimekipaka mafuta. Watalii wakija kuzitazama nyumba hizi husifu milango. Kichwa cha mama yangu hawakukiona.

Ilipotoka amri kwamba watumwa wanaweza kwenda kortini wakaombe uhuru wao, akaenda. Akapewa karatasi. Bibi yake naye akaenda, akapewa fidia. Kaa na jambo hilo, Rukia, ulitafune: aliyekuwa na mtu alilipwa kwa kumkosa, na mtu mwenyewe hakulipwa kwa miaka yake. Akarudi na karatasi yake jikoni kule kule, kwa sababu hakuwa na shamba wala ndugu wa kumfuata. Akawa mtu huru anayekuna nazi zile zile.

Lakini alinunua mitalawanda, viatu vya mbao. Watumwa hawakuruhusiwa kuvaa viatu, na kitu cha kwanza alichokitaka kwa uhuru wake ni kusikia miguu yake ikilia njiani. Alikuwa akitembea mji mzima kwa, kwa, kwa. Akikaribia nyumba ya bibi yake anavivua, anavitia kwapani, anapita kwenye kizingiti pekupeku. Akishapita anavivaa. Nikamwuliza, nami mdogo, "Mama, kwani yule bibi atakupiga?" Akasema, "Hapana. Hajanikataza hata." Mpaka anakufa alikuwa akivivua mahali pale.

Haya ndiyo niliyokusimulia mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, pale Mwalimu Ame, yule kijana aliyekuwa akiwasomesha historia, alipokutumeni mkawaulize wazee wenu waliishi vipi zamani. Ulikaa hapa sakafuni na daftari lako, unaandika ulimi uko nje. Nikaona raha. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikayasema yote, na wala sikukwambia usiyasome mbele za watu. Hilo ni kosa langu la kwanza, maana wewe ungejuaje?

Wakati ule Zuhura alikuwa ameposwa. Unamjua Bi Asya, mkwewe, mwanamke wa maana, kila kitu kwake kufu: mtoto wake aoe mtu wa daraja lake. Alikuwa ameuliza kwetu wapi, nikamjibu Makunduchi, akaridhika. Na binti yake mdogo alikuwa darasa moja na wewe. Ulisoma habari zako asubuhi. Mchana Bi Asya anazo.

Hakuja kwangu. Alikwenda skuli, nami nikaitwa. Najua unakumbuka, ila unakumbuka ukiwa umesimama pale karibu na kabati. Nataka ujue na upande wangu.

Mwalimu Ame ndiye aliyeanza kusema. "Bi Mkubwa, mtoto kaandika vizuri kuliko wenzake wote. Kama ni kweli, hapa hapana aibu. Hilo ndilo somo lenyewe."

"Aibu huijui wewe," Bi Asya akamwambia, "huna binti wa kuoza."

Mwalimu mkuu akachoka nao. "Bi Mkubwa, ni kweli au si kweli?"

Nilimtazama Bi Asya. Mtu yule si mbaya, Rukia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, ananiomba kwa macho nimwambie si kweli, kwa sababu harusi aliitaka kama nilivyoitaka mie na nguo zilikuwa zimeshashonwa. Nikampa alichokitaka. Nikasema, "Si kweli. Mtoto huyu hutunga."

Mwalimu mkuu akafungua kabati akatoa bakora. Bakora ile niliijua. Skuli zilipofanywa bure nikakupeleka kuandikishwa, niliikata mwenyewe kwenye mpera wa jirani, nikaichuna, nikaipaka mafuta ya nazi isipasuke. Nikamkabidhi mwalimu mkuu kama ilivyo desturi yetu, wewe kwa mkono huu, bakora kwa mkono huu, nikasema nimeshamtoa, amfanye atakavyo, mie nirudishiwe akiwa hai na ana adabu. Nikajiona mzazi mzuri. Wengine hata fimbo hawakuleta.

Sita. Tatu kila mkono. Hukulia. Ulinitazama mimi, humtazami anayekupiga, kuanzia ya kwanza mpaka ya sita, nami nikatazama madaftari yaliyopangwa juu ya meza. Mwalimu Ame alitoka nje.

Harusi ilifana. Zuhura ana watoto watatu na mume mwema. Na wewe hukuniuliza tena kitu chochote. Miaka yote ile: "Ndiyo, Bibi." "Hapana, Bibi." Majirani wakanisifu, mtoto wa Bi Mwanaisha ana adabu. Na mie nilijua ile haikuwa adabu.

Tena nisijipunguzie. Lile halikuwa swali lako la kwanza nililoliziba. Kabla yake kuna la Samira, mjukuu wa nyumba hii, aliyekuwa akicheza nawe kibe hapa uani siku nikija kufua nguo zao. Katika siku zile za Mapinduzi watu wa nyumba hii walitolewa, na mie nilisimama upande wa pili wa njia nikatazama. Nitakwambia kitu ambacho hata Zuhura hakijui: nilifurahi. Nilimfikiria mama yangu na viatu vyake kwapani, nikafurahi siku nzima. Siku ya pili nikamwona Samira amekaa kibarazani kwa jirani, hana aliyemchana nywele. Watu wanapita, nami nikapita. Furaha ikanitoka yote, haijarudi. Wiki ile ukaniuliza, "Bibi, Samira kaenda wapi?" Nikakwambia, "Nyamaza, usiulize." Kisha karani aliyekuwa akigawa vyumba akaniuliza nataka wapi, nikamwambia hapa. Sasa mie nalala alipokuwa akilala bibi wa mama yangu, na nakwambia ukweli, usingizi wake si mtamu kama nilivyodhani.

Darasani mwako watakaa mjukuu wa Faida na mjukuu wa aliyemnunua, benchi moja, na wote hawajafanya kitu. Sijui mtu hufundisha vipi hapo. Sikusoma. Najua tu kwamba usimsimamishe mmoja ili mwenzake amzomee, na usimfiche mmoja ili mwenzake apate raha. Na usianze na minyororo. Kila mtoto akionyeshwa mnyororo husema, "Ah, hayo ya zamani." Anza na mtu aliye huru anavua viatu na hakuna aliyemkataza. Waulize kwa nini. Halafu uone.

Sasa tuje kwenye hili la juzi lililokutoa hapa.

Yule mama wa mtaa wa Malindi, mwenye mtoto skuli ulikokuwa ukijizoeza kufundisha, alipokuja, ulikuwa nyuma ya pazia unachagua mchele. Alikuwa amevimba. "Mjukuu wako kanirudishia bakora yangu mbele ya darasa zima! Ndiyo kwanza anajifunza ualimu! Ati mtoto akiuliza hapigwi. Ati mtoto akishtakiwa husikilizwa kwanza. Husikilizwa! Mtoto!"

Nami, bibi yako, na yote nnayoyajua, nikacheka naye. Nikasema, "Mwalimu asiye na bakora ni yaya mwenye chaki."

Ukatoka nyuma ya pazia. Hukunipandishia sauti. Ukauweka ungo chini, ukasema, "Hata leo, Bibi?" Basi. Ukaenda zako, na mchele uliubakisha nusu na mawe yake.

Nimekaa na maneno hayo matatu miezi miwili. Mwanzo nilikasirika. Nikasema, nimemlea huyu tangu mama yake alipokufa, yeye hata siku arubaini hajafikisha, nimemtafunia chakula, leo ananiuliza hata leo. Kisha hasira ikaisha, nikabaki na swali, na sikuwa na madaftari ya kutazama.

Nakujibu. Nilicheka kwa sababu naogopa. Bakora ile niliikata kwa woga. Mtoto wa watu akikosa adabu husemwa mtukutu, akikua ataacha. Mtoto wetu akikosa adabu, nilijua watu watatazamana na kusema, asili yake ile. Nikataka uwe na adabu mpaka asili isionekane. Nilikupiga ili wao wasiseme. Na hao wazazi wa Makunduchi watakaokuletea bakora zao zimepakwa mafuta, usiwacheke wala usiwasomee hotuba mlangoni. Kila mmoja anaogopa kitu chake. Ipokee kwa mikono miwili, umwulize habari za mtoto wake, anapenda nini, anaogopa nini, ukae naye mpaka asahau alichokuja nacho. Halafu mwambie atarudishiwa mtoto wake na ulimi wake pia. Lakini usipige nayo. Hata siku umechoka, hata siku wamekufanyia kelele mpaka kichwa kinauma. Ukipiga nayo siku moja watoto watajua kwamba yale ya kusikilizwa kwanza yalikuwa maneno ya mwalimu mgeni.

Na siku itakuja mtoto asome mbele ya darasa jambo la kweli la nyumbani kwao, na mzazi wake aitwe, na mzazi akane. Itakuja, nakuapia. Siku hiyo nani utamwamini sikwambii, unajua. Ila mzazi yule usimwaibishe mbele ya mtoto. Mtoe nje. Mpe kiti kivulini. Mwalimu Ame alikuwa na haki yote siku ile, lakini aliniuliza mbele ya Bi Asya. Angeniuliza pembeni labda ningesema kweli. Labda. Sijitetei. Nakupa ninachokijua kutoka kwenye kiti kile, kwa sababu vitabu vyenu vya ualimu sidhani viliandikwa na waliokikalia.

Ukiulizwa Makunduchi wewe wa nani, sema: mie mjukuu wa Mwanaisha binti Faida, na Faida aliletwa. Watakaonyamaza, waache wanyamaze. Na jina lake ukitaka kuliandika ubaoni, liandike. Sikupi ruhusa, maana halikuwa langu la kulizuia. Nakuomba tu uandike kwa harufi kubwa, hakuwahi kuandikwa mahali ila kwenye karatasi ile ya korti, nayo iliungua.

Zuhura nimemwambia leo mchana. Alikuwa anakunja nguo zako. Akasema, "Sasa, Mama? Watoto watatu sasa?" Nikamwambia sasa, maana nikifa itabaki kwamba wewe ulitunga. Akalia kidogo, akaendelea kukunja. Hakunikataza. Bi Asya bado hajui. Zuhura anasema mumewe hatamwacha, lakini mkwewe hajui atafanya nini, na mie sijui. Huenda akainuka na sahani yake imejaa. Huenda tusizikane tena. Nimeyapima yote hayo, na nimeona mzigo huu nilikutwika wewe kwa miaka saba ili mie nile pilau ya harusi.

Kwa hiyo likizo yako ya kwanza, Ijumaa, uje. Nitapika, na Bi Asya nimeshamwalika, anadhani ni chakula tu. Njoo mapema kabla yake. Kaa mbele yangu mahali nitakapokuona. Nitakapofungua mdomo nimwambie kweli, maneno yatanikwama, najijua, nitatazama sakafu, nitatafuta maji. Usinisemee. Wala usinionee huruma ukaanza mazungumzo mengine. Kaa kimya uningojee, kama unavyomngojea mtoto wa darasani mwako ambaye jibu analo na hajawahi kulisema kwa sauti.